Steringi na Deni la Sehemu ya Kwanza

Mwaka 2012 nilimgombeza kijana wa watu bila kosa lolote. Alikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo na muvi kwenye simu na flashi karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, na siku moja kabla alikuwa ameniwekea msimu wa mwisho wa The Sopranos, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani. Usiku nilifika sehemu ya mwisho. Tony Soprano, jambazi mkuu na baba wa familia, ameketi mgahawani na mke wake na mwanawe wa kiume, sahani ya vitunguu vya kukaanga iko katikati ya meza, na binti yake Meadow yuko nje anahangaika kuegesha gari ambalo halitaki kuingia penye nafasi. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi. Nilitazama kama chaji imeisha, nikakuta imejaa. Nilisubiri, nikasogeza mbele, nikarudisha nyuma, kisha nikalala nikiwa na hasira.

Asubuhi nilimfuata kibandani nikamwambia ameniuzia faili bovu. Kijana hakubishana, aliifungua kwenye kompyuta yake, tukatazama wote wawili dakika zile za mwisho, na palepale alipoinua macho Tony, giza. “Kaka, ndivyo ilivyoisha,” alisema kwa upole ulionitia aibu. Baadaye nilisoma kwamba sehemu hiyo iliporushwa nchini Marekani tarehe 10 Juni 2007, watazamaji wengi wa huko nao walidhani mitambo yao ya kebo imekatika, nikajisikia nafuu kidogo. Lakini mteja mwingine aliyekuwa akisubiri zamu yake pale kibandani alituuliza swali ambalo limebaki nami tangu siku ile: “Sasa amekufa au hajafa?”

Swali hilo tulilelewa nalo. Watazamaji wa umri wangu tulijifunza kutazama kwenye vibanda umiza, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya mbao mbele ya televisheni moja ya kichogo, na sheria ya kwanza tuliyofundishwa na wakubwa zetu ilikuwa kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Akipigwa risasi, imempata begani. Akitumbukia mtoni, ataibuka chini ya maporomoko. Sheria hiyo ilitupa raha kubwa, lakini ilitufanya tuwe watazamaji wavivu, kwa sababu kitu pekee tulichokifuatilia ni namna atakavyopona. Hakuna aliyejali kama mtu aliyeanza hadithi ndiye yuleyule aliyeimaliza, na kwa kweli mara nyingi alikuwa yuleyule, isipokuwa shati lilikuwa limechanika.

Siku hizi ninafundisha Fasihi katika shule ya sekondari, na kila mwaka ninawaandikia wanafunzi ubaoni kwamba kuna mhusika bapa, asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na mhusika duara, anayebadilika kulingana na hali. Wanafunzi wanaikariri tofauti hiyo vizuri na kuijibu vizuri kwenye mtihani. Mimi mwenyewe nimeanza kuitilia shaka, na walionitia shaka ni wahusika wa tamthilia za televisheni, ambao mtu anakaa nao saa hamsini au sitini za maisha yake na kuwajua kuliko anavyowajua baadhi ya ndugu zake. Kubadilika peke yake hakunishawishi tena. Ninachokitaka ni kumwona mhusika akibadilika mbele ya macho yangu, na mwisho wake uwe malipo ya kitu ambacho hadithi ilikikopa kwangu mapema, wakati bado sijajua kwamba ninakopwa.

Nianze na ile ambayo kila mtu wa rika langu aliiona. Prison Break ilianza mwaka 2005, na bwenini kwetu hapakuwa na kijana asiyemjua Michael Scofield, mhandisi aliyejichora ramani ya gereza mwilini, akaiba kwa makusudi ili afungwe pamoja na kaka yake Lincoln aliyekuwa akingoja kunyongwa. (Tulisema kunyongwa, ingawa kule ni kiti cha umeme.) Mwaka 2009 hadithi iliisha kwa kutuonyesha kaburi lake. Steringi alikuwa amekufa. Ilituuma, lakini ilikuwa na haki yake, kwa maana tangu sehemu ya kwanza Scofield alikuwa mtu anayeutoa mwili wake ili wengine watoke nje, na mwili huo ndio kitu pekee kilichobaki ambacho hakuwa amemaliza kukitoa. Mwaka 2017 wakamrudisha. Tulimkuta hai katika gereza la Yemen, kukaletwa maelezo marefu ya namna kifo kile kilivyokuwa cha kupangwa, na mimi nilijisikia kama mtu aliyelipwa deni lake mbele ya mashahidi, kisha mdeni akarudi usiku kulichukua.

Mhusika aliyenipatia haki katika tamthilia ile ni Alexander Mahone, ambaye aliletwa katika msimu wa pili akiwa adui, mpelelezi mwerevu anayewawinda watoro na kuwaua mmoja baada ya mwingine, huku akimeza vidonge alivyovificha ndani ya kalamu. Hakuna mahali anapopiga magoti na kutubu. Anachofanya ni kupoteza: kazi, uhuru, akili, na katika msimu wa nne anampoteza mwanawe, anayeuawa na mtu aitwaye Wyatt. Mahone anapomkamata Wyatt anampigia simu mama wa mtoto, anamshikia muuaji simu aombe radhi, kisha anamfunga kwenye tofali zito na kumsukuma majini. Nilipoitazama ile sura iliyokuwa haina ushindi hata kidogo, nilitambua kwamba nilikuwa nimeshasahau kumwita adui, na sikukumbuka ni lini hasa nilisahau. Huo ndio ukuaji ninaousema. Mwandishi hakuniomba nimsamehe mtu wake. Aliniacha nikae naye mpaka msamaha ukaja wenyewe, au kitu kinachokaribiana na msamaha.

Nikitafuta tamthilia iliyolipa madeni yake yote, ninarudi kwenye Breaking Bad, sehemu 62 zilizorushwa kati ya mwaka 2008 na 2013. Walter White ni mwalimu wa kemia mjini Albuquerque, anatimiza miaka 50, mshahara haumtoshi, na jioni anafanya kazi mahali pa kuoshea magari. Katika sehemu ya kwanza kabisa anapiga magoti kusugua tairi la gari la kifahari, na mwenye gari ni mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye anacheka na mpenzi wake huku wakimpiga picha. Nilisimamisha hapo nikaenda kunywa maji. Mwalimu yeyote anayetoka darasani na kwenda kufundisha tuisheni nyumba kwa nyumba, akafunguliwa geti na mtoto aliyemchapa asubuhi, ataelewa kwa nini.

Watu wengi wanaieleza hadithi ya Walter kama ya mtu mwema aliyeharibiwa na saratani na umaskini. Mimi ninaisoma kwa kuanzia sehemu ya tano. Hapo rafiki yake wa zamani Elliott, tajiri wa kampuni ambayo Walter alishiriki kuianzisha, anampa kazi yenye bima nzuri ya afya. Halafu Gretchen, mke wa Elliott, anajitolea kulipia matibabu yote. Tatizo lililoletwa na sehemu ya kwanza limekwisha. Familia itatunzwa, ugonjwa utatibiwa, hakuna haja ya kupika dawa za kulevya. Walter anakataa, anamdanganya mke wake Skyler kuhusu mahali fedha zinakotoka, na anarudi kwa Jesse, mwanafunzi wake wa zamani anayepika naye, kuomba waendelee kupika. Tangu hapo kila anaposema “ninafanya kwa ajili ya familia”, na anasema mara nyingi, mtazamaji mwenye kumbukumbu anajua kwamba kuna kikapu cha fedha halali alichokipiga teke.

Deni hilo linakaa miaka mitano. Katika sehemu ya mwisho anakwenda kumuaga Skyler jikoni, naye Skyler anamwahi: asije akathubutu kusema tena kwamba alifanya kwa ajili ya familia. Walter anamkubalia. Anasema alifanya kwa ajili yake mwenyewe, alipenda, alikuwa hodari. Maneno machache tu, yanasemwa kwa sauti ya chini na mtu aliyechoka, na hakuna muziki wa kutulazimisha kulia. Dawa ya deni ni kulipa, na hapa lililipwa kwa sarafu ileile iliyokopwa. Wengi hukumbuka bunduki iliyofuata baadaye, na mimi niliifurahia kama mtoto wa kibanda umiza nilivyo, lakini mwisho wa hadithi ulikuwa umeshapita jikoni.

Kuna tukio jingine ambalo sikuwahi kulisahau, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Karibu na mwisho wa msimu wa pili Walter anaingia chumbani kwa Jesse na kumkuta yeye na mpenzi wake Jane wamelala kwa nguvu ya heroini. Jane anageuka chali, anaanza kutapika, anapaliwa. Walter anakimbilia upande wake, mkono umeshanyooka, kisha anausimamisha. Kamera inabaki usoni kwake. Tunaona mshtuko, tunaona hesabu ikipigwa, tunaona machozi yakija, na mwisho tunaona machozi yakikoma na uso ukitulia kama maji ya mtungi. Hatupewi nafasi ya kutazama pembeni. Baada ya hapo hakuna ovu la Walter lililonishangaza, maana nilikuwepo siku alipochagua.

Sasa nilinganishe na Game of Thrones, ambayo nayo ilianza kwa kuivunja sheria ya kibanda umiza mchana kweupe. Mwaka 2011, katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, walimkata kichwa Ned Stark, mtu ambaye kila mtazamaji alikuwa ameshamteua kuwa steringi. Alikufa kwa sababu ya tabia yake, kwa kumwonya adui yake mapema ili asiwaumize watoto, na kwa kuamini kwamba wengine nao wanaheshimu neno walilolitoa. Kwa misimu kadhaa iliyofuata tuliishi katika hadithi ambamo kila tendo lilikuwa na bei, na hata safari zilikuwa na bei: mfalme alitumia mwezi mzima njiani kufika kaskazini, na maongezi ya njiani ndiyo yaliyotufundisha nani ni nani.

Jaime Lannister alikuzwa kwa maongezi hayo. Huyu ndiye aliyemsukuma mtoto dirishani katika sehemu ya kwanza, na bila kukatwa mkono wa kulia na kusafiri na Brienne wa Tarth, mwanamke mpiganaji, tusingemjali. Kisha akakaa kwenye birika la maji ya moto, mgonjwa, mchafu, akamweleza Brienne kwa nini alimuua mfalme aliyekuwa ameapa kumlinda: kwamba mfalme huyo alitaka kuuchoma mji mzima pamoja na watu wake. Mtu aliyeitwa msaliti kwa miaka yote alikuwa amewaokoa mamia ya maelfu, na hakuwahi kujitetea. Katika msimu wa nane anamwacha Brienne akilia uani usiku na kurudi kwa Cersei, dada yake na mpenzi wake, kufa naye. Wengi walikasirika wakisema ukuaji wake umefutwa. Sikubaliani nao kabisa. Watu hurudi. Ninamjua mtu aliyeacha pombe miaka sita, akaoa, akajenga, akarudi kwa wiki moja, na hakuna aliyesema ile miaka sita ilikuwa ya uongo. Kosa la waandishi ni kwamba walimrudisha kwa mazungumzo ya dakika chache, mtu waliyemtoa kwa misimu mingi.

Kwa Daenerys Targaryen, malkia mwenye majoka, nina lawama kubwa zaidi, ingawa pia simo katika kundi linalodai aliharibiwa ghafla. Mbegu zilikuwepo. Katika mji wa Meereen aliwasulubu mabwana wa watumwa 163 kulipiza watoto 163 wa watumwa waliosulubiwa, na tulipiga makofi kwa sababu waliouawa walikuwa wabaya. Katika msimu wa saba aliwachoma kwa moto wa joka baba na mwana waliokataa kumpigia magoti. Kwa hiyo alipouchoma mji uliokwisha kusalimu amri, deni lilikuwepo, tena lilikuwa letu sote tuliompigia makofi. Lakini kumbuka jinsi tukio hilo lilivyoonyeshwa. Kengele za kusalimu amri zinalia, Daenerys yuko juu ya joka, uso wake unakunjamana, anaitazama ngome, anaruka. Tangu hapo hatumwoni tena usoni. Tunaona joka kwa mbali, tunaona mitaa inaungua, tunaona mama na mtoto kwenye majivu, ila aliyechagua haonekani. Walter alipomwacha Jane afe, kamera ilikaa naye hadi mwisho. Daenerys alipofanya jambo kubwa mara elfu kuliko hilo, kamera ilimkimbia, na mtazamaji akaachiwa kazi ya kujaza kile ambacho tamthilia ilipaswa kukionyesha.

Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, wa saba ukawa na saba, wa nane sita, na kufikia hapo majeshi na wajumbe walikuwa wakihama kutoka ncha moja ya nchi hadi nyingine kama waliopanda ndege. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Mimi sikutia, kwa sababu naona ni ukosefu wa adabu kumwamuru msimulizi arudie hadithi yake, lakini hasira yao niliielewa. Walikuwa kama abiria waliofikishwa kweli Dodoma, ila walifungwa macho kuanzia Gairo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu tamthilia ambazo hazina mwisho kabisa, kwa sababu mama yangu hatanisamehe nikiziruka. Yeye aliitazama Isidingo ya Afrika Kusini kwa miaka na miaka, hadithi ya watu wa mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep, iliyoanza mwaka 1998 na kusimama mwaka 2020. Nilimwambia siku moja, kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuo, kwamba hadithi isiyojua inakokwenda haiwezi kukuza mhusika. Alikuwa anachambua mchele. Hakuniangalia, akasema, “Mwanangu, wewe unajua unakokwenda?” Kisha akanieleza kuhusu Cherel, yule mama mwovu aliyechezwa na Michelle Botes, kwamba ndiye mtu pekee mle ndani anayejijua, na kwamba wengine wote wanabadilika kila baada ya miezi mitatu kwa sababu hawana kitu ndani. Nimefundisha wahusika bapa na duara kwa zaidi ya miaka kumi, na sijapata kuutoa uchambuzi bora kuliko huo. Cherel hakubadilika sana, alizidi kuchimbwa. Mhusika wa namna hiyo daftari langu la Fasihi halina jina lake.

Tamthilia nyingi za kwetu, na ninazitazama kwa upendo, zinaogopa kumchimba adui, na kwa hiyo zinapofika mwisho hazijui zimfanye nini. Zina njia mbili tu. Ama anarukwa na akili na kuonekana barabarani akiokota makopo, ama anaingia kanisani au msikitini katika dakika kumi za mwisho, analia, anaomba radhi mbele ya ukoo mzima, na mama mkwe aliyewatesa watu sehemu arobaini anakumbatiwa. Ninajua sababu moja ni bajeti na nyingine ni watazamaji, ambao hukasirika kweli kweli mwovu asipoadhibiwa. Lakini adhabu iliyodondoka kutoka juu haimhusu yule mtu. Ingeweza kumdondokea jirani yake.

Iliyonitosheleza kuliko zote katika miaka ya karibuni ni Better Call Saul, iliyoisha Agosti 2022 baada ya sehemu 63. Jimmy McGill ni wakili wa mdomo mtamu aliyejipa jina la Saul Goodman, na kwa misimu sita kila anapobanwa anatoka kwa maneno. Niliitazama sehemu ya mwisho na mdogo wangu, ambaye hakuwa ameziona zilizotangulia na alikuwa akisubiri mpira uanze. Saul amekamatwa, ana makosa ya kumfunga maisha, na kwa ulimi ule ule anawapunguza waendesha mashtaka hadi kifungo kisichofika miaka minane, katika gereza analolichagua mwenyewe, na juu yake anadai aiskrimu kila wiki. Mdogo wangu alicheka, akasema huyu ndiye steringi. Kisha mahakamani, Kim, aliyekuwa mke wake, akiwa ameketi nyuma, Jimmy anasimama na kuibomoa ile biashara yote kwa mdomo wake mwenyewe, anakiri kila kitu, anaomba aitwe McGill, na anapewa miaka 86.

“Sasa ameshinda nini?” mdogo wangu aliuliza.

Sikumjibu. Nilitafuta sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, nikamwonyesha Jimmy na Kim wameegemea ukuta katika maegesho ya magari ya chini ya ardhi, wakichangia sigara moja bila kusema la maana. Halafu nikarudi mwisho: chumba cha gereza, picha haina rangi, Kim amekuja kumtembelea, wameegemea ukuta vilevile, na sigara ni moja tena. Mahali pekee penye rangi ni kwenye moto wake. Mpira ulikuwa umeshaanza, na kelele za goli zilikuwa zikisikika kwa jirani, lakini mdogo wangu aliniomba nirudishe pale kwenye maegesho aone ni nani kati yao aliyeanza kumpa mwenzake.